Mstari wa Pili wa Tionge

Mstari wa pili ulipojitokeza, muuguzi alikifunika kipimo kwa kiganja.

Sote tulishauona. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye hema la kupimia, tunaoishi kwa kulala na madereva wa malori hapa mpakani Mchinji. Kila Alhamisi Tionge, mwenzetu, hujitoboa kidole yeye kwanza ili sisi tusiogope. Tunakunywa thobwa, togwa letu la mahindi, na kutaniana mpaka majibu yatoke, kisha anainua kipimo: mstari mmoja, hana virusi vya Ukimwi. "Mmeona, shosti zangu? Wala hakiumi."

Muda mfupi tu uliopita nilikuwa nimemchokoza. "Hicho kipimo chako kimekariri mstari mmoja tu." Wenzangu walicheka, naye akacheka.

Sasa kipande cha pamba kilikuwa bado kimemnata kidoleni, na katikati yake damu imepenya, doa dogo kama punje ya mtama. Sikuweza kuangalia kitu kingine.

"Tionge, twende nyuma tukarudie kwa kipimo kingine," muuguzi alinong'ona.

"Tutarudia."

Tionge alivibandua vidole vya muuguzi kimoja kimoja. Akakiinua kipimo juu, kama kila Alhamisi.

"Leo ni miwili," alisema. "Mmeona?"

Aliinuka, akakifuta kiti kwa upindo wa kitenge chake, akanigeukia.

"Haya, wewe mwenye mdomo. Njoo ukae."