Alama ya Penseli

"Ishia hapo, mama mkubwa," mchungaji alisema kwa upole. "Mungu amemwahidi mfalme uponyaji. Mnataka nini tena?"

Waumini wakapiga makofi. Mama mkubwa huyo, mwalimu mstaafu na msomaji wa kanisa, alibaki na kidole juu ya ukurasa. Chini ya ukucha palikuwa na alama nyembamba ya penseli, mahali hasa alipokatizwa.

Biblia ilikuwa yake. Jana mchungaji aliiazima, asubuhi akairudisha.

Miezi yote hii alimtetea mchungaji kila alipopotosha Maandiko: kijana hakusoma vya kutosha, ulimi umemteleza. Kumbe alisoma. Mwana wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha herufi za kwanza mezani pake, alisoma hadi mwisho. Aliona nabii akiagiza tini zibandikwe juu ya jipu la mfalme, ndipo mfalme akapona. Kisha akatia alama ili watu wasifike huko.

Mbele ya madhabahu mama mmoja alimshika bintiye kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alishika kichupa cha dawa ya kisukari ya mtoto huyo, juu ya pipa la taka.

"Kiachilie, mama," mchungaji alihimiza. "Mshika mawili moja humponyoka!"

Mwalimu akasogeza miwani.

"Usikiachilie, mwanangu," akamwambia yule mama. "Bado sijamaliza kusoma."

"Mama mkubwa, kaa chini!"

Kipaza sauti kikazimwa. Basi akasoma kwa sauti aliyozoea kufundishia watoto sitini katika darasa moja.