Gauni la Kumpokea

Gauni lilikuwa limefichwa kwenye gunia la vipande vya vitambaa, chini kabisa, mahali ambapo mkono wa mama mkwe haufiki. Fundi alikuwa amelijaribu mara moja tu, mlango ukiwa na komeo. Alijitazama kwenye kioo cha wateja, akaona limemkaa vizuri kuliko alivyostahili. Akalivua haraka kama mwizi.

Na mwizi ndivyo alivyojiona. Nusu ya mtaa ilivaa mshono wake, lakini yeye mwenyewe alikuwa amenunua gauni mtandaoni, kutoka nje. Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Mume wake alikuwa ughaibuni mwaka wa tatu sasa, akichomelea vyuma kwenye karakana ya meli, na alikuwa amesema anarudi karibuni. Fundi hakutaka kumpokea na nguo ileile aliyoilowesha machozi siku ya kuagana.

Tatizo ni kwamba pesa ilikuwa ya kiwanja walichokuwa wakikinunua. Lilibaki fungu la mwisho, na mwenye kiwanja alishasema likichelewa atamuuzia mwingine. Fundi alikuwa amepiga hesabu zake. Bei ya gauni iliandikwa kwa fedha ya hapa nyumbani, wazi kabisa. Angeichomoa kwenye fungu lile, ashone sare za shule, airudishe kabla mtu hajajua. Hesabu ilikaa sawa mpaka benki ilipokata zaidi ya ile bei. Alishona sare mpaka vidole vikafa ganzi, na bado pengo halikuziba.

Alikwenda benki akiwa amejiandaa kugomba. Karani, mama wa makamo mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu, bei uliyoiona ilikuwa ya kukuonyesha tu," alisema. "Lile duka linaangalia simu yako iko nchi gani, linakugeuzia bei kwa fedha ya hapo ulipo. Mwanangu anasoma nje. Akilifungua huko anaona fedha ya huko. Lakini kulipa, unalipa kwa fedha yao. Sisi tunabadilisha kwa kiwango chetu, na kuna ada juu yake."

Fundi aliuliza kama kuna namna ya kurudishiwa. Karani alitikisa kichwa, akamsogezea boksi la tishu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani aliona aibu. Kilichomuumiza zaidi ni kukumbuka jinsi mume wake alivyokuwa mwangalifu. Pesa yake ilifika kila mwezi kwa mkono wa rafiki yake mmoja, ikiwa kamili, kiasi kilekile, haijapungua hata senti. Mimi siwalishi mabenki, ndivyo alivyopenda kusema, na mama mkwe aliwarudia majirani maneno hayo kama mtu anayesimulia ushujaa. Mwanamume anajibana hivyo kwenye nchi ya watu, halafu mkewe anawalisha mabenki kwa ajili ya gauni.

Mama mkwe alimkuta mlangoni na swali lake la kila siku, kama mwenye kiwanja ameshalipwa. Fundi alisema bado kidogo.

"Fanya haraka, mwanangu," mama mkwe alisema kwa upole. "Mwenzio anaungua na moto huko kwa ajili yenu."

Maneno hayo yalimmaliza. Fundi aliingia chumba cha cherehani, akafunga mlango, akampigia mumewe. Alimweleza yote bila kujitetea: gauni, fungu la kiwanja, makato, sare, uongo aliokuwa akimwambia mama. Alipomaliza alikuwa analia. Akasubiri radi.

"Gauni tu?" mume aliuliza. "Mama watoto, ndiyo unalia hivyo kwa gauni?"

"Ni pesa yako. Nimekuibia."

"Usiseme hivyo. Mimi ni nani hata nikuhukumu?" Sauti yake ilikuwa nzito kidogo. Alisema pengo atalifidia yeye, wiki hii hii, kwa mkono wa yule rafiki yake. Kisha akataka kuliona gauni lenyewe. Amtumie tu kiungo cha hilo duka, atalifungua kwenye simu yake.

Fundi alimtumia, akabaki ameshika shavu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na huruma ile ikamchoma kuliko matusi. Aliapa moyoni kwamba hatamficha tena mume huyu kitu chochote, hata sindano. Kwa kuanzia alizamisha mkono kwenye gunia, akalitoa gauni, akalitundika ukutani na kufungua mlango.

Mama mkwe aliliona akiwa bado uani. Akaja, akapapasa kitambaa. Fundi alimwambia ukweli, kwamba amelinunua kwa pesa ya kiwanja na kwamba mumewe ameshajua. Mama mkwe alifungua mdomo kusema, lakini simu ikaita kidogo. Ujumbe ulikuwa umeingia.

Ilikuwa picha ya kioo cha simu ya mumewe, gauni likiwa katikati, na bei ameizungushia duara jekundu. Chini yake ameandika: "Mbona bei yenyewe ya kawaida, mke wangu? Hao benki ndio wezi. Livae bila wasiwasi."

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Anasemaje huyo wa ughaibuni?" mama mkwe aliuliza.

Ndani ya duara jekundu, bei ilikuwa imeandikwa kwa fedha ya hapa nyumbani.