Konokono wa Chapati

"Nani kala jicho la konokono huyu?"

"Mimi," alisema Khairat. Yuko darasa la pili, meno ya mbele hana. "Nlionja tu."

"Ikawaje?"

"Karoti." Akakunja uso kama kapewa mwarobaini.

Machano akatikisa kichwa. Konokono wa chapati walikuwa watatu, wamekunjwa vizuri, kila mmoja na macho mawili ya karoti isipokuwa huyo chongo. Akawapokea hivyo hivyo, akawalaza ndani ya deli la barafu, juu ya kitambaa safi, akafunika. Kisha akakata muhogo wa kukaanga, akaumwagia pilipili na ndimu, akaufunga kwenye gazeti, akampa mtoto. Bakuli tupu likarudi begini.

Ndiyo ilivyokuwa biashara yake kwenye geti la skuli ile ya Mji Mkongwe. Watoto wa pale hawapewi pesa, wanapewa vyakula vyenye macho. Mama zao wanaamka alfajiri kukata matango yawe nyota na kuchonga mayai yawe vifaranga, wanapiga picha, wanatumiana kwenye simu, wanasifiana mpaka jua linapanda. Kuwauliza watoto wanataka kula nini, hilo halijampitia mtu akilini. Watoto wanataka muhogo. Machano skuli aliikimbia darasa la sita, na hilo alilijua bila cheti.

"Hivi kweli unawalisha kuku nyota?" muuza ubuyu wa ng'ambo ya njia alikuwa akimchokoza, maana Machano alimwambia vyakula vile anawapelekea kuku wake.

"Kuku wangu wamesoma," Machano anamjibu.

Siku ya pili, kengele ya mapumziko bado, akatokea Bi Zuleikha, mama yake Khairat. Mwavuli mkono huu, simu mkono huu.

"Shikamoo, Bi Zuleikha."

"Marahaba. Mwanangu jana karudi midomo imemvimba kwa pilipili. Anakula kwako?"

"Kwa pesa gani, bibi? Unampa?"

"Simpi hata thumni."

"Haya basi."

Lakini Bi Zuleikha si mtu wa kukwama. "Nnasimama hapa hapa. Nikimuona kaisogelea meza yako, nnaingia kwa Mwalimu Kificho sasa hivi. Kesho muhogo wako ukauze Kizimkazi, wakununulie pomboo."

Haukuwa utani. Mwalimu Kificho ndiye mwalimu mkuu, na alikuwa akimwogopa Bi Zuleikha kuliko mkaguzi. Muuza embe na muuza mabungo wote walishafukuzwa getini kwa mdomo wa bibi huyu huyu. Na Machano nyumbani ana mke na pacha wa miezi minne, wote watatu wananyonya geti hilo moja.

Kengele ikalia. Khairat akatoka mbio, bakuli la konokono wengine kifuani. Akamuona mama yake. Akaganda.

Machano alikuwa na pumzi moja tu ya kufikiri.

"Lakini, bibi," akasema, "wale konokono wako nimesikia sifa zao mpaka Darajani. Mke wangu kila siku ananambia, hebu muulize Bi Zuleikha mambo yale anayatoa wapi."

Uso wa Bi Zuleikha ukalainika kama samli juani.

"Mkeo atayawezea wapi?" akasema, na huku keshaifungua simu. "Haya mambo ya Shangani haya, kwenye mkahawa wanaokula wazungu. Kila jioni wanaweka picha ya chakula chao. Mie asubuhi nnaiga. Njoo huku kwenye kivuli, jua linaziba picha."

Akamvuta chini ya mwavuli, migongo yote miwili ikaelekea meza.

"Watazame konokono hawa. Unaona walivyopangwa? Huo ndio ustaarabu. Mtoto anakula kwa macho kwanza."

"Mashallah," akasema Machano.

"Na vifaranga hawa."

"Mashallah."

Akasema mashallah mara saba. Kwenye ya nne akasikia mfuniko wa deli ukifunguliwa nyuma yake. Kwenye ya sita ukafungwa. Alipogeuka, kifurushi cha muhogo alichokuwa kakiacha ukingoni mwa meza hakipo.

Dakika kumi baadaye Khairat akaja kwa mama yake, bakuli wazi, jeupe, halina hata punje. Machozi yanamtiririka, kamasi zinamtoka, mdomo kaubana.

"Umeona?" Bi Zuleikha akaliinua bakuli juu ili na muuza ubuyu aone. "Kala wote! Mpaka machozi ya utamu yanamtoka. Tamu, mwanangu?"

Khairat akaitikia kwa kichwa. Kuufungua mdomo asingethubutu.

"Wewe kaa zako tu na muhogo wako," akamwambia Machano, sasa kwa huruma. "Mtoto aliyelelewa kwa vitu vya maana hana haja na uchafu wako. Nlikuonea bure."

"Yameisha, bibi. Allah akuzidishie ufundi."

Saa saba skuli ikafungwa. Machano akaikunja meza, akabeba deli begani, akakata vichochoro mpaka Shangani, akagonga mlango wa nyuma wa mkahawa ule ule, mlango wa jikoni. Mpishi Ismail akamfungulia mbio mbio. Huko mbele wazungu walikuwa washakaa, uma mkononi.

Ismail akawatoa konokono mmoja mmoja kwa koleo, akawapanga kwenye sahani pana nyeupe, akachomeka ua la mkilua pembeni, akatoa simu, akapiga picha.

"Huyo bibi yako ni fundi, wallahi," akasema. "Kesho atatupikia nini?"

"Sijui," akasema Machano. "Anasubiri picha yako."