Zamu ya Jumanne

Tofali lilipasuka mikononi mwa Nasambu kabla hajalifikisha ukutani. Alishika jingine, nalo likamomonyoka, udongo mwekundu ukajaa kwenye leso yake.

Sote tuliacha kazi. Ukumbi huu wa mtaa wetu wa Lucky Summer tunaujenga wenyewe, kwa udongo tulioushindilia kwa mikono, na kila nyumba ina zamu ya kumwagilia matofali chini ya magunia, wiki nzima, yasikauke upesi.

“Ni mimi, jamani,” Nasambu akasema. “Jumatatu nilitoka kazini nimechoka, nikamwagilia haraka haraka. Mnisamehe.”

Jumanne ilikuwa zamu yangu. Kwa maji ya mitungi minne, ambayo kina mama waliibeba mgongoni kutoka kioski cha maji, niliosha pikipiki yangu. Nilijiambia siku moja haiui tofali.

Niliinama nikaanza kuokota vipande vya tofali.

Nasambu alikuwa tayari ameikung'uta leso, anaokota mitungi mitupu.

“Jirani,” akaniita, macho chini, “nisaidie na hiyo pikipiki yako nikalete maji, tushindilie matofali mengine upya.”

Watu wote wakageuka kuitazama pale langoni, jinsi ilivyong'aa.