Nukta za Nguchiro

Siafu walikuwa njiani, na wanyama wadogo walihitaji gogo la kuvukia kijito. Kinyonga alipita juu ya utete mwembamba, akakipima kijito mara tatu kwa mkia wake unaojikunja.

"Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na moja," alisema. "Tukate gogo la mikia kumi na tatu."

Nguchiro, mpenda hesabu, akajumlisha na kugawa kwa tatu. "Kumi na moja nukta tatu tatu tatu! Panyabuku, usizidishe hata unywele."

Panyabuku akalitafuna gogo palepale alipoonyeshwa. Gogo halikufika ng'ambo, likatumbukia majini.

"Umekata vibaya!" Nguchiro alifoka.

"Nimekata ulipoonyesha, bwana," alijibu Panyabuku taratibu. "Lakini hizo nukta ulizitoa wapi? Kwenye mkia wa Kinyonga hazikuwemo."

Siafu walikuwa wameshafika. Nguchiro alikuwa tayari majini, anajifunza kuogelea.