Bangili ya Bibi Harusi

Tembo alitoka kwenye miombo bila haraka, akasimama katikati ya njia kama mwenye mji, na Fakhria akasahau kupumua.

Miaka sitini na mbili ameishi Tabora mjini, na leo ndiyo kwanza anaingia hifadhi ya Ugalla, matembezi ya kutwa aliyoandaliwa na mjukuu wake.

"Subhanallah," alinong'ona. "Kumbe ndiye huyu!"

Pembe zake zilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Rangi ileile ya bangili ya pembe mkononi mwa Fakhria, iliyotoka kwenye mizigo ya misafara ya mababu. Shangazi zake walimvisha siku ya harusi. Kwao haivuliwi mpaka mwanamke afe na kuoshwa, ndipo binti airithi.

Tembo alitandaza masikio, akamtazama. Fakhria akaifunika bangili kwa mkono wa baibui, kama aliyefumwa akila mchana wa Ramadhani.

Moyo haukutulia. Akaivuta bangili aivue; mkono ulishanenepa, ikagoma.

"Bibi, unafanya nini?" mjukuu alishtuka.

Fakhria hakumbandulia tembo macho.

"Nipe hayo mafuta yako ya kupaka, mwanangu. Yote."