Onyo kwa Mzee Ngazi

Mkaguzi alisimama mlangoni mwa kituo cha zimamoto, akaziba pua kwa kitambaa, akanyoosha kidole.

"Huyo aliyelala ndiye shujaa wenu?"

Mzee Ngazi alikuwa kwenye kiti cha mapokezi ndani ya sare kamili, mikono mapajani, kofia ngumu imemfunika mpaka puani. Walimwita Ngazi kwa sababu kwa miaka ishirini na sita, popote palipowaka nyumba, hakuna aliyewahi kumtangulia kupanda. Mapafu yake yalistaafu kabla yake. Sifa ya kikohozi chake ilikuwa imefika hadi makao makuu, na ndiyo maana mkaguzi hakusogea hata hatua moja zaidi. Bwana huyu, ambaye moto pekee aliouzoea ni wa kiberiti, aliogopa kuambukizwa moshi.

"Usiku kucha alikuwa anakohoa, afande," alisema sajini wa zamu.

"Nani hakohoi? Na huyo mama?"

Nyuma ya kiti alisimama mwanamke, mikono yake miwili imeshika mabega ya mzee. Macho yalikuwa makavu, midomo imebanwa kama ya fundi cherehani mwenye pini mdomoni.

"Mkewe," sajini alijibu. "Amemsindikiza."

"Leo hakuweza kuja mwenyewe," mama alisema.

Mkaguzi akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Askari mzima anasindikizwa kazini kama mtoto wa chekechea! Kama hajiwezi, si abaki nyumbani afie huko?"

"Akifia nyumbani, afande, mimi na wanangu utatuweka wapi?"

"Kanuni mpya hizo hapo ukutani, mama. Zisome."

Hakuwa na haja ya kuzisoma. Kituo kizima kilizijua kwa ghibu. Kamati ya mageuzi ya mafao ilikaa hotelini siku nne, ikala, ikashiba, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ikaamua kwamba askari atahesabiwa kuwa amefia kazini endapo tu siku hiyo alikuwa zamu, ndani ya sare, na afisa wa makao makuu akathibitisha kwa maandishi kwamba alimkuta hapo. Anayefia kitandani, hata kama mapafu yake yameozea kwenye moshi akiokoa watoto wa watu, huyo amejifia tu. Familia yake haipati mafao, na nyumba ya kikosi inaihama ndani ya wiki mbili. Hayo maneno "kwa maandishi" aliyachomeka mkaguzi mwenyewe, na bado huyasimulia kwa fahari, ungedhani amevumbua maji.

Mwezi uliopita vyombo vya mjane wa dereva wa kituo hicho vilitupwa nje mvua ikinyesha. Marehemu alifanya kosa la kufia wodini. Mkaguzi alikuja kusimamia kazi hiyo mwenyewe, chini ya mwavuli, na alipoona godoro limelowa alitoa ushauri kwamba lianikwe. Mtu wa aina hiyo ukimtazama, kiganja chenyewe kinawasha.

"Kusema kweli, afande," sajini alisema, "zamu ni zamu. Mwandikie onyo. Iwe fundisho kwa wengine."

Mkaguzi alimtazama kwa mshangao, kisha akawatazama askari sita waliojipanga ukutani, kimya, wamevua kofia. Heshima hiyo aliipenda. Kwenye vituo vingine walimpokea kwa kununa.

"Mzee, umesikia?" alipaza sauti. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Mzee Ngazi hakujibu.

"Hata aibu hana."

Akaegemeza mkoba kwenye fremu ya mlango, akatoa karatasi mbili zenye kaboni katikati, akaandika huku akisoma kwa sauti ili kila mtu afaidi. "Mimi mwenyewe nimemkuta askari huyu kituoni, akiwa zamu, ndani ya sare, amelala fofofo."

"Na saa, afande," sajini alisema.

"Saa tatu na dakika ishirini asubuhi."

"Na cheo chako. Makao makuu wasije wakasema tumejiandikia."

"Nani atathubutu?" Mkaguzi akaandika cheo chake chote, kirefu kuliko barua yenyewe, akatia sahihi yenye mikia mitatu. Muhuri alitembea nao kila mahali, maana bila muhuri alikuwa mtu wa kawaida tu. Akaugonga mara mbili.

Mama alifumba macho muhuri ulipogongwa. Mkaguzi akaona amemgusa panapouma, akaridhika.

"Nakala moja naipeleka makao makuu sasa hivi. Hii ikae kwenye faili lake. Akiamka, mpeni aisome."

"Tutamsomea, afande."

"Na wewe, mama, jifunze. Serikali si chama cha kuzikana."

Akakunja kitambaa chake, akaingia garini, akafungiwa mlango na dereva kwa kuwa mikono yake ilikuwa imechoka kuandika. Askari waliendelea kusimama wima mpaka gari lilipokata kona na mlio wake kupotea.

Sajini alisoma barua ile mara ya pili, neno kwa neno, akaifungia kwenye sanduku la chuma. Kisha akamgeukia mama.

"Haya, shemeji," alisema taratibu. "Sasa unaweza kulia."

Na mama akalia kilio alichokimeza tangu alfajiri, mumewe alipomfia kitandani.